Friji ya Kibanda: Je, Nilipie Jina?

"Nina kibanda cha sharubati, maji baridi na maziwa pembeni mwa barabara ya Gulu hapa Bombo, na friji yangu imekufa. Nimeweka akiba ya shilingi 1,500,000. Kampala nimeonyeshwa tatu zinazokaribiana kwa ukubwa: iliyotumika kutoka Ulaya kwa 550,000, mpya yenye jina ambalo sijawahi kulisikia kwa 850,000, na mpya yenye jina kubwa kwa 1,450,000. Kaka yangu anasema rahisi ni ghali, ninunue jina. Jirani yangu, ambaye huchukua bidhaa zake Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, anasema zote hutoka kiwanda kimoja huko China, na jina ni rangi tu. Mimi mwenyewe nimeshachomwa pande zote mbili: pasi ya bei ya chini iliungua ndani ya miezi miwili, na ekstensheni ya jina kubwa ikaja kuwa feki. Nimwamini nani?"

Dada yangu,

Kwanza pole kwa friji. Anayeuza vitu vya baridi akikosa friji hana duka, ana meza. Kaka yako na jirani yako wote wana sehemu ya ukweli, na ndiyo sababu inakuwia vigumu kuamua kati yao: kila mmoja amechukua jambo lililo kweli kwa bidhaa fulani akalifanya kanuni ya bidhaa zote. Nikilielewa vyema, swali lako ni kama hizo shilingi 600,000 zinazotenganisha friji mbili mpya zinanunua kitu cha maana, au zinanunua maandishi ya mlangoni tu.

Nianze na jirani. Ni kweli kwamba viwanda vikubwa vya China hutengeneza friji, pasi na televisheni kwa ajili ya majina mengi yanayoshindana dukani. Lakini kiwanda kimoja si bidhaa moja. Anayeagiza ndiye anayesema povu la kuzuia joto ndani ya ukuta liwe nene kiasi gani, mabomba yawe ya shaba au ya alumini, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya friji, itoke wapi, na katika kila friji mia ngapi zijaribiwe kabla ya kutiwa kwenye katoni. Fundi cherehani yuleyule anakushonea gomesi ya harusi na sare ya shule ya mtoto. Mashine ni ileile na mkono ni uleule, lakini kitambaa, uzi na muda aliolipwa havifanani.

Kaka yako naye asahau kidogo heshima ya majina, kwa sababu majina huhama. Mwaka 2016 kampuni ya Midea ya China ilinunua sehemu kubwa ya biashara ya Toshiba ya vyombo vya nyumbani pamoja na ruhusa ya kutumia jina hilo kwa miaka 40, na mwaka huohuo Haier, nayo ya China, ikanunua biashara ya aina hiyo ya General Electric ya Marekani. Huo si ulaghai, na bidhaa zinazotoka sasa zinaweza kuwa nzuri sana. Ninachosema ni kwamba sifa ambayo baba yenu alilipatia jina fulani miaka ya themanini ilihusu watu wengine na mitambo mingine, kwa hiyo isitumike kama risiti ya leo.

Sasa, jina linafanya kazi gani hasa? Mimi huliona kama rehani. Kampuni iliyotumia miaka mingi na fedha nyingi kujitangaza imekuwekea kitu chake mezani: ikikuuzia kibovu, ina cha kupoteza. Aliyebuni jina mwezi uliopita hana cha kupoteza, kwani mzigo ukiisha atabuni jingine. Lakini rehani hiyo ina thamani kwa masharti mawili tu. La kwanza, bidhaa iwe kweli ni ya kampuni hiyo; ekstensheni yako ilikosa sharti hilo. La pili, kampuni iwe na mtu unayeweza kumfikia unapolalamika. Jina kubwa lisilo na wakala wala vipuri Uganda ni rehani iliyofungiwa nchi ya mbali, na kwako wewe wa Bombo haina faida kubwa kuliko jina lisilojulikana.

Hapa ndipo panapotatiza soko zima. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na methali hiyo ni ya kweli sokoni ambako mnunuzi anaweza kushika embe, kulinusa na kulibonyeza. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, alieleza kinachotokea mahali ambapo muuzaji anajua ubora na mnunuzi hajui, akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima huona bei hiyo ni hasara, akaliondoa sokoni. Mwenye gari bovu huifurahia, akabaki. Ubora wa wastani hushuka, wanunuzi hushusha bei tena, na mwishowe vizuri hutoweka. Ukipita kwenye safu za friji zilizotumika mjini Kampala, zote zimefutwa zikang'aa na zote "zinafanya kazi vizuri kabisa, mama", mfano huo una magurudumu manne lakini unasimulia habari za friji.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, jiulize ubora wa kitu unachonunua unajulikana lini. Wachumi tangu miaka ya sabini hugawa bidhaa mafungu matatu kwa kipimo hicho. Kuna vitu ambavyo ubora wake unauona kabla ya kulipa, kama kiti cha plastiki au sufuria: ipime mkononi, itazame unene wa ukingo, gonga kitako chake, umemaliza. Kuna vitu ambavyo utavijua kwa kuvitumia, kama pasi, viatu vya shule na hiyo friji. Na kuna vitu ambavyo hata ukivitumia hutajua, kama sumu ya aflatoksini ndani ya karanga zilizosagwa. Kikomo chake katika Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, kiasi ambacho hakuna jicho wala ulimi unaokinasa. Fungu la kwanza, usilipie jina hata shilingi moja. Fungu la pili, lilipie kwa kadiri ya usumbufu utakaoupata likiharibika. Fungu la tatu, lipia alama ya mkaguzi na historia ya muuzaji kabla ya kulipia uzuri wa pakiti.

Nina sababu ya kusema hivyo kwa uhakika. Utafiti mmoja wa wachumi uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulitazama nani hulipia majina makubwa ya dawa za maumivu ya kichwa, wakati dawa ileile yenye kiambato kilekile inauzwa kando yake kwa jina la duka na kwa bei ya chini. Wanunuzi wa kawaida walichukua jina kubwa mara 26 katika kila mia. Wafamasia, mara 9 tu. Wapishi wa kazi nao walionekana kuchagua sukari na chumvi za jina la duka kuliko watu wengine. Anayejua kilichomo ndani hana haja ya kununua rehani. Usiuhamishe mfano huo kwa pupa kwenda kwenye dawa za hapa kwetu, ambako swali la kwanza ni kama kidonge ni halali. Ununue kwenye duka la dawa lenye leseni. Lakini kwa sukari na chumvi, uwe mpishi.

Ekstensheni yako inanikumbusha yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katoni nzima kwa ajili ya ofisi, katika duka la jumla mjini Kampala, na boksi lilikuwa na jina la heshima. Wiki ya pili moja ikaanza kunuka plastiki iliyoungua. Nilikata waya kwa kisu nikaona nyuzi za rangi ya shaba, nikaridhika kwa dakika moja. Nilipozikwaruza, ndani zilikuwa nyeupe: alumini iliyopakwa shaba, nyembamba kama nywele. Sumaku isingenisaidia, kwa kuwa haivuti shaba wala alumini, hunasa chuma tu. Uzito ndio ungeniambia, kwa sababu alumini ni nyepesi mno kuliko shaba, nami nilikuwa nimelibeba boksi lile kwa mkono mmoja bila kujiuliza.

Turudi kwenye friji yako, na tufanye hesabu ya miaka mitatu badala ya hesabu ya siku moja. Friji ni chombo kinacholipiwa mara mbili, dukani na kwenye yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Tuchukue yuniti moja ya umeme kwa shilingi 800 ili hesabu iwe nyepesi, na tukadirie kwamba iliyotumika itakula yuniti 2.5 kwa siku, ile mpya isiyojulikana 1.2, na ile ya jina kubwa 1. Haya ni makadirio yangu. Namba halisi utazipata kwenye vibandiko, na nitakueleza jinsi ya kuzipima.

Iliyotumika itakula umeme wa shilingi 730,000 kwa mwaka, yaani 2,190,000 kwa miaka mitatu; jumlisha na bei yake, umefika 2,740,000. Mpya isiyojulikana itakula 1,051,200 kwa miaka hiyo, jumla 1,901,200. Ile ya jina kubwa itakula 876,000, jumla 2,326,000. Tazama jinsi ile iliyoonekana rahisi kupita zote ilivyogeuka ghali kupita zote, bila hata kuharibika.

Kati ya zile mbili mpya, tofauti imepungua kutoka 600,000 hadi 424,800. Hiyo ndiyo bei halisi ya jina katika mfano huu. Ile isiyojulikana ikifa kabla ya miaka mitatu, utatafuta 850,000 nyingine. Kwa kuwa 424,800 ni karibu nusu ya 850,000, kulipia jina kunakufaa iwapo unaamini kwamba uwezekano wa friji ya 850,000 kufa mapema unafika nusu kwa nusu. Kwa mtu wa nyumbani ningesema haufiki, achukue ile ya bei ya kati, adai waranti iliyoandikwa, na alale usingizi. Kwako wewe mizani inainama upande wa pili, kwa sababu friji ikisimama siku nne unapoteza maziwa, mauzo, na wateja wanaozoea kibanda cha mbele. Tena yenye jina huuzika upya kwa bei ya maana, na isiyo na jina huuzwa kama bati.

Lakini niruhusu nikupinge katika jambo ambalo hukuliuliza. Katika kibanda ambacho mlango hufunguliwa mara hamsini kwa siku, swali la umbo lina uzito kuliko swali la jina. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa friji ya kusimama humwagika miguuni mwako, nawe umelipia ubaridi huo. Friza fupi yenye mfuniko wa juu huuhifadhi kama maji ndani ya beseni, na umeme ukikatika saa kadhaa bado chupa zako ni baridi. Kidhibiti joto kikiwekwa kwenye ubaridi mdogo kabisa, mengi ya mafriza hayo huweza kuweka vinywaji bila kuvigandisha, ingawa wiki ya kwanza utahitaji kukichezea na kupima. Friza ndogo ya jina la kuaminika inaweza kupatikana kwa fedha pungufu ya hizo 1,450,000, na mimi ningeitafuta hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo la pili lisilohitaji jina ni joto la mahali. Nyuma ya friji, au ndani kando ya droo ya mboga, kuna kibandiko cha maelezo. Tafuta herufi zinazoonyesha imetengenezwa kwa hali gani ya hewa: SN na N ni za chumba kisichozidi nyuzi 32 za joto, ST hadi 38, T hadi 43. Kibanda chenye paa la bati saa nane mchana wa Februari hakiiheshimu nyuzi 32. Friji nyingi zilizotumika Ulaya zina herufi za ubaridi wa kwao, na ukiiweka hapo kompresa itafanya kazi bila kupumzika, yuniti zitakimbia, nayo itachakaa mapema bila mtu kuifanyia kosa. Wala usidanganyike na kile kibandiko cha rangi chenye A+ au A++. Ulaya ilibadilisha vipimo hivyo kuanzia tarehe 1 Machi 2021 na kuvifanya vigumu zaidi, kwa hiyo friji mpya yenye E inaweza kula umeme mdogo kuliko ya zamani yenye A+. Soma namba ya yuniti (kWh) kwa mwaka, igawe kwa 365, uachane na herufi.

Ukiishia kwenye iliyotumika kwa sababu fedha zimekatika, na hilo si aibu, nenda na fundi wa friji asiyefahamiana na muuzaji, umlipe nauli na muda wake. Omba ukute friji imezimwa na ina joto la kawaida, iwashwe mbele yenu, mkae dakika arobaini. Barafu ikianza pembe moja tu na kwingine kubaki pakavu, huenda gesi imepungua, maana yake kuna tundu. Weka noti ya elfu moja katikati ya mpira wa mlango, funga, uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka, rudia pande zote nne. Tazama mabomba ya nyuma kama yana viungo vipya vilivyochomelewa. Soma aina ya gesi: ikiandikwa R12, ondoka, kwa kuwa gesi hiyo ni miongoni mwa zile zilizoondolewa kwenye matumizi chini ya Mkataba wa Montreal, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuziacha kufikia mwaka 2010. Ikiandikwa R600a, ni gesi nzuri inayotumia umeme kidogo, lakini huwaka moto, kwa hiyo fundi anayetaka kusogeza mwali karibu nayo kabla ya kuitoa mtoe yeye kwanza.

Kuhusu alama ya Q ya UNBS, yaani Shirika la Viwango la Taifa, wasomaji wengi huitafuta kwenye kila kitu. Utaiona zaidi kwenye bidhaa zilizotengenezwa hapa nchini. Inakuambia kwamba kitu kimefikia kiwango cha chini kinachokubalika, na hilo ni jambo kubwa kwa maji ya chupa, waya au mabati; haikuambii kwamba kimeshinda jirani yake rafuni. Usilipe zaidi kwa sababu ya alama hiyo, na usinunue bila hiyo pale inapotakiwa.

Karatasi nazo ni sehemu ya bidhaa. Risiti iwe na jina la duka, tarehe, modeli na namba ya friji, na waranti iseme inahusu kompresa pekee au chombo kizima, na nani atalipa usafiri wa kuirudisha Kampala, kilomita karibu 35 kutoka kwako. Mwambie muuzaji kwa kinywa chako kwamba ni ya biashara ya vinywaji, na uombe aliandike hilo, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inazingatia kama kitu kinafaa kwa kazi ambayo mnunuzi aliitaja. Uulize pia kama waranti inakubali matumizi ya biashara. Nyingi huandikwa kwa ajili ya nyumba. Yale maneno ya chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi yasikunyamazishe iwapo umeuziwa kibovu. Mazungumzo yakishindikana, mahakama zina utaratibu wa madai madogo yasiyozidi shilingi milioni 10.

Na kuna mambo ambayo si ya kuandikiana. Ukigusa mwili wa friji, mpya au iliyotumika, ukahisi umeme unakuchezea vidole, ichomoe kwa kushika plagi tu, na umwite fundi umeme mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme aje aitazame pamoja na waya wa ardhini wa kibanda chako. Usikubali friji ya pili iingie kabla hajamaliza. Fanya hivyohivyo ukisikia plagi ina joto. Kabla ya yote, mwulize huyohuyo kwa nini friji ya kwanza ilikufa, kwa sababu kama iliuawa na umeme unaopanda na kushuka, friji ya 1,450,000 itakufa kwa ugonjwa uleule, na kifaa cha kuilinda ni sehemu ndogo sana ya bei hiyo.

Friji mpya ikishafika, ipe siku mbili ipoe na kutulia, halafu usiku mmoja zima vitu vingine vyote kibandani, andika yuniti zilizobaki kwenye yaka, na uzisome tena saa kumi na mbili baadaye. Zidisha mara mbili, ongeza kidogo kwa ajili ya joto la mchana na mlango kufunguliwa. Niandikie namba hiyo pamoja na yote yaliyo kwenye kibandiko cha nyuma, nami nitairudia hesabu ya miaka mitatu kwa namba zako badala ya zangu.